Kwa Wewe Uliyechoka Kumlipa Mungu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa dada mmoja mfanyabiashara wa Arusha. Anasema amefunga, amekesha, ametoa fungu la kumi bila kuruka mwezi na amepanda mbegu, yaani sadaka inayotolewa kwa kutarajia baraka, kila alipoambiwa apande, lakini moyo wake umebaki mkavu. Mwishoni aliuliza: "Kaka, ni kitu gani ambacho bado sijakitoa?" Nimekaa na swali hilo kwa sababu niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, na kwa sababu najua wengi wenu mnaonisoma ni watu wa bidii kanisani, wala hamtafuti njia ya mkato.

Nilizaliwa Old Moshi, si mbali na Kidia, mahali ambapo wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifanya kazi tangu miaka ya 1890, na kwetu kwenda ibadani halikuwa jambo la kujadiliwa. Katika mafunzo ya kipaimara tulikariri Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ile ya mwaka 1529, nami nilikuwa miongoni mwa wachache walioisema yote bila kukwama, pamoja na maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani, yanayofundisha kwamba Mungu hutupa kila kitu kwa wema wake wa kibaba pasipo sisi kustahili. Nilisifiwa sana siku ile kwa kueleza vizuri kwamba sistahili chochote.

Baadaye nilifanya kazi ya uhasibu katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Anayeijua kazi hiyo anajua utaratibu wake: mkulima analeta kahawa, inapimwa, anapewa malipo ya awali, kisha anakaa akisubiri malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa mnadani. Hivyo ndivyo nilivyoishi na Mungu. Uzee wa kanisa, kwaya, uweka hazina wa kamati ya ujenzi, jogoo wa sikukuu ya mavuno ambaye nilimtoa kisha nikamnunua tena mwenyewe kwenye mnada wa nje ya kanisa kwa bei iliyowashangaza watu, yote niliyapeleka mizani, nikawa nasubiri. Niseme pia, hata kama nitaonekana ninajisifu, kwamba katika muda wote niliokuwa mweka hazina hesabu za kamati hazikupungua hata shilingi.

Kisha mke wangu akaugua. Fedha za ahadi ya ujenzi zikaenda kwenye dawa na vipimo, na Jumapili moja, baada ya matangazo, majina ya wenye madeni ya ahadi yakasomwa mbele ya washarika, langu likiwa miongoni mwa ya kwanza. Karatasi iliyosomwa ilikuwa na safu nilizozichora kwa mkono wangu. Jambo hili bado linaniuma, na sitajifanya kwamba limekwisha. Wale tuliokaa nao vikaoni hadi usiku hawakukanyaga wodini. Aliyekuja ni mwinjilisti mmoja mstaafu, mzee wa miguu mizito, ambaye sikumbuki kama niliwahi kumpa hata nauli.

Mzee yule alifungua Warumi sura ya 4, akatusomea mstari wa 4 na wa 5, pale Paulo anaposema kwamba ujira wa mtu afanyaye kazi hauhesabiwi kuwa neema, unahesabiwa kuwa deni. Akafunga kitabu, akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mtu wa hesabu. Katika daftari lako, Mungu unamdai kiasi gani?" Sikuwa na jibu la kumpa mzee, ingawa moyoni nilikuwa na tarakimu tayari. Akaomba sala fupi, akakataa hata chai, akaondoka kuwahi gari la Kiboriloni.

Mke wangu alipona polepole, na miezi iliyofuata haina la kusimulia. Nilichokipata mimi ni pumziko ambalo utumishi wangu wote haukuwa umenipa, na lilinijia wakati ambao sikuwa na cha kutoa wala cheo cha kutajwa.

Kwa hiyo, dada yangu, hakuna kitu ambacho hujakitoa. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na kwamba hiyo ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Kilichohitaji kulipwa kilikwisha kulipwa na Kristo msalabani, na anayekuja kukuuzia upya, hata kama anauza kwa machozi na vinanda, anauza mali isiyo yake. Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517 alikuwa akipinga biashara ya vyeti vya msamaha, na ninashangaa sisi tunaojiita wana wa matengenezo ya kanisa tunavyoirudisha kwa jina la mbegu. Hapa Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika viwanja vya Majengo wakikimbilia mafuta ya upako. Siwacheki hata kidogo, maana kiu yao ilikuwa ya kweli kuliko ya wengi tuliobaki nyumbani, lakini najiuliza ni nani aliyewafundisha kwamba fadhili za Mungu hazitoshi watu wote, hata ikabidi kuwahi.

Soma Luka 15 tena, na safari hii mwangalie kaka mkubwa. Ndiye aliyefanya kazi shambani miaka yote, na karamu inapoanza ndiye aliyesimama nje, akilalamikia mwana-mbuzi ambaye hakuwahi kupewa, huku baba akimwambia kwamba vyote alivyo navyo ni vyake. Watu wa bidii kama wewe na mimi tumo katika kisa hicho.

Wapo watakaosema kwamba mafundisho haya yanalea uvivu. Wasome mstari wa 10 wa Waefeso 2, unaotaja matendo mema baada ya wokovu, kama kazi ya mtu ambaye tayari amepokelewa. Pokea kwanza, ndipo utoe. Ukienda kwenye Meza ya Bwana, nenda kupokea. Ukiomba asubuhi, anza kwa kushukuru kabla hujaahidi lolote, na unaposoma Warumi sura ya 3 hadi ya 5, soma polepole, upokee.

Uliuliza pia kuhusu ahadi ya ujenzi iliyokushinda baada ya biashara kuyumba. Mwone mchungaji wako, mweleze hali halisi, ipunguzwe au ifutwe, na ada za watoto zilipwe kwanza. Akisita, mwombe msome pamoja 2 Wakorintho 8:12, unaosema kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo.