Gari linachemsha mlimani, hita inapuliza baridi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Land Cruiser ya dizeli ya 1995. Nikitoka Kigoma mjini kurudi Kasulu, kwenye vilima mshale wa joto unapanda hadi karibu na nyekundu, huku hita ikipuliza baridi. Asubuhi nayo haipati moto wa kufuta ukungu kwenye kioo. Fundi wa hapa alitoa themostati (kilango kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto) ili maji yapite bure, lakini hali ni ileile. Ninunue rejeta nyingine? — Msomaji, Kasulu

JIBU: Marahaba. Pesa ya rejeta iweke kwanza, rudisha themostati. Kutoa themostati ni dawa ya mtaani isiyotibu. Injini nyingi za Toyota za umri huo zina njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Themostati ina kisahani cha chini kinachoziba njia hiyo injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia inabaki wazi: asubuhi injini inachelewa kupata joto, mlimani maji mengine yanaikwepa rejeta.

Nunua yenye kisahani hicho. Nyuzi joto zimeandikwa juu yake, mara nyingi 76 au 82. Kabla ya kufunga ichemshe kwenye sufuria yenye kipimajoto: ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo. Kitundu chenye kipini kikae juu.

Hita kupoa huku mshale unapanda ni dalili ya maji kupungua au hewa kunasa ndani. Injini ikiwa baridi kabisa, egesha pua ikiangalia mlimani, weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza polepole kulanti (dawa ya kupozea injini) na maji safi nusu kwa nusu (maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi). Washa injini, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, minyaminya mpira wa juu wa rejeta, ongeza hadi mapovu yaishe na mpira upate moto. Kisha shika mipira miwili ya hita: mmoja wa moto, mwingine baridi? Koki ya kuingiza maji kwenye hita haifunguki au hita imeziba kutu. Ichomoe mipira yote miwili, sukumia maji kwenye hita kinyumenyume kwa presha ndogo.

Mfuniko wa rejeta wenye raba iliyochanika badilisha tu. Wenye alama ya 0.9 (kipimo cha presha) unasogeza kuchemka kwa maji hadi karibu nyuzi joto 118.

Mapovu yasipokoma, na maji yanapungua bila kuvuja nje, shuku gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu). Hapo gari lisipande tena mlima hadi lipimwe.