Jibu: Chunusi kwenye paji la uso tangu nianze mafuta ya nazi

Dadangu, unauliza kama mafuta ya nazi ndiyo yanayokuletea chunusi kwenye paji la uso: uliyemlaumu ni mhusika kweli. Mafuta ya nazi yakichanganyika na seli zilizokufa na mafuta ya ngozi yenyewe, vitundu vya ngozi huziba. Siagi ya kakao pia huziba. Lakini kagua na nywele! Nilisukwa pale River Road, Nairobi, nikawa napaka mafuta kichwani kila usiku. Vipele vidogo vikajipanga kwenye mstari wa nywele, mashavu yakabaki safi. Nilipoacha, vilipungua polepole. Orodha za viungo vinavyoziba zisikutishe sana: vipimo vingi vya zamani vilifanywa kwenye masikio ya sungura, si kwenye uso wa mtu. Acha mafuta ya nazi usoni kwanza, usibadilishe kingine, uipe ngozi wiki 6. Foronya nayo ifue, imeshanyonya mafuta.