Re: Dira ya kibla ya zamani ilijuaje Makka iko wapi?

Waalaikumu salaam ndugu. Umeuliza iwapo sindano ya dira hizo ilikuwa ikielekea Makka yenyewe. Hapana, ilielekea kaskazini tu, kama dira yoyote. Kazi ilikuwa kujua kibla ya mji wako iko pembe gani kutoka kaskazini, kwa hiyo vifaa vingi vilichongwa majina ya miji na pembe zake. Unatafuta mji wako, unazungusha kifaa, basi. Al-Ashraf wa Yemen, aliyekuja kuwa sultani baadaye, aliandika juu ya dira ya kutafutia kibla karibu mwaka 1290.

Kilichonishangaza mimi ni sahani za shaba za Iran, zama za Wasafawi (ukoo wa kifalme uliotawala Iran karne ya 16 hadi ya 18). Ya kwanza ilijulikana kwa wataalamu mwaka 1989. Upana wake kama sentimita 22, Makka iko katikati kabisa, na miji kama 150 imetiwa alama kuizunguka. Mistari ya longitudo imenyooka, ya latitudo imepinda. Rula inazunguka kwenye msumari wa Makka: ukiilaza juu ya mji wako, ukingoni unasoma pembe ya kibla, na juu ya rula yenyewe unasoma umbali. Hesabu ngumu ya tufe, yaani ya umbo la mviringo la dunia, imemalizwa na fundi, wewe unasoma tu!

Sisi wa Mombasa na Dar tumebahatika. Longitudo yetu na ya Makka karibu ni moja, kwa hiyo ukiijua kaskazini umeijua kibla. Ila usiweke dira karibu na nondo au spika, itakudanganya.