Kwa mnaoanza kuandika kuhusu mwili kwenye sanaa

Wadogo zangu, kazi yangu ya kwanza katika fani hii ilikuwa kuandika maelezo ya mwana hiti, kile kinyago kidogo cha Kizaramo anachokaa nacho mwali anapowekwa ndani. Niliandika: "Sanamu ya mti yenye umbo la mwanamke." Nikaridhika kabisa kwamba nimeandika kwa staha.

Kisha nikaipeleka picha yake Chanika, kwa bibi mmoja aliyekuwa kungwi. Baada ya shikamoo na marahaba akaisogeza dirishani, akapitisha kidole juu yake. "Mikono hana, miguu hana. Fundi kaviacha hivyo, kabakisha matiti na kitovu. Sasa wewe, mwanangu, matiti hukuyaona?"

Nilikuwa nimefuta kilekile alichokibakiza fundi.

Kwa hiyo angalia kwanza kilichochongwa, ukitaje kwa jina lake. Tafsida tunaipenda, na mbele ya wakwe inatufaa sana, lakini kwenye maelezo ya kazi ya sanaa inamficha msomaji kitu alichokuja kukiona.

Jambo la pili: tafuta picha ya kabla ya kufunikwa. Msanii wa Kiitalia Michelangelo alimaliza Hukumu ya Mwisho, mchoro mkubwa wa ukutani katika Kikanisa cha Sistina, Vatikani, mwaka 1541, watakatifu wengi wakiwa uchi. Baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mchoraji Daniele da Volterra alipewa kazi ya kuwavisha nguo kwa rangi, mwaka 1565. Watu wakambandika jina Braghettone, mtengeneza suruali. Mtakatifu Katarina, Daniele hakumpaka nguo juu tu: sehemu kubwa ya mwili wake aliibandua pamoja na plasta, akachora upya. Mwili ule haurudi tena. Tunaujua kwa sababu mchoraji mwingine, Marcello Venusti, aliunakili mchoro mzima mwaka 1549. Ndiyo maana nawasihi msidharau nakala, wala picha chakavu zilizomo kwenye masanduku ya familia za wachongaji wetu.

Hata hivyo, si kila kisichosemwa kimefutwa. Yule bibi alinifundisha mengi kuhusu mwana hiti, na mengine akasema yaishie humo ndani, kwa sababu mwali atayasikia kwa kungwi wake siku yake ikifika. Maelezo yangu mapya yanataja matiti, kitovu na vishungi viwili vya nywele. Hayo mengine sijayaandika popote.