Kijumbe apokee mwisho

Swali lenu la wiki hii nimelisoma nikiwa nimesimama kwenye daladala ya Mbagala, mkono mmoja bombani, mwingine kwenye simu: gemu la mtandaoni ulilolipenda likifungwa, kisha miaka baadaye likazinduliwa upya, utaliamini tena? Jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Nilipofika kwa mama mdogo likabadilika, na yeye wala hajui gemu ni kitu gani.

Nilimkuta uani anapeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona umeingia umeinamia simu kama unadaiwa?"

Nikamwambia kuna mchezo wetu wa zamani ulikufa, sasa wameufufua, wanatutaka turudi, nami sijui kama nirudi.

Akausimamisha ungo. "Kijumbe ni yuleyule?"

Wa Dar mmeshacheka. Kwa wengine: akina mama wa huku wakisema wanacheza mchezo, wanamaanisha upatu. Kila mmoja anatoa kiasi kila wiki, na kila wiki mmoja anazoa chote mpaka zamu iwafikie wote. Kijumbe ndiye anayepita kukusanya na kuandika kwenye daftari, na mara nyingi ndiye anayepokea wa kwanza. Sikumsahihisha mama mdogo. Nilivuta kigoda nikamwacha aendelee, kwa sababu yake nayajua na bado yanamuuma.

Walikuwa kumi na wawili, shilingi 20,000 kila Jumapili, anayepokea anabeba 240,000. Kijumbe alichukua zamu ya kwanza. Wiki ya saba ikapita salama. Wiki ya nane alikusanya kwa wote, akaaga kuwa anapitia dukani mara moja, simu ikazimwa. Watano walikuwa bado hawajapokea, na kila mmoja wao alikuwa ameshatoa 160,000. Mama mdogo alikuwa namba tisa.

Baada ya mwaka mmoja na kitu mwanamke yule akarudi mtaani. Aliomba radhi nyumba kwa nyumba, kwa machozi, akasema anataka mchezo uanze tena. Mimi ningemfukuza. Wao walikaa kikao, wakamkubalia, kwa masharti matatu: wale watano waliodhulumiwa wapewe namba moja hadi tano, daftari akae nalo mtu mwingine, na kijumbe apokee wa mwisho, namba kumi na mbili.

"Machozi nilimwachia mwenyewe," mama mdogo akasema. "Mimi nilitaka kuona namba."

Sasa chukueni gemu la mtandaoni la Final Fantasy XIV. Lilitoka Septemba 2010 na likaanguka vibaya kiasi kwamba Square Enix, kampuni ya Japani iliyolitengeneza, iliomba radhi hadharani kabla ya mwaka kwisha na kubadilisha uongozi wa gemu lenyewe. Usukani akapewa Naoki Yoshida. Baadaye alitoa mfano wa yale aliyoyakuta ambao mpaka leo unanichekesha: chungu cha maua, pambo tu la pembeni, kilikuwa kimeundwa kwa uzito uleule wa mhusika mzima wa mchezaji. Kompyuta za watu zinahema, gemu linakwama, kumbe ni vyungu.

Radhi ile haikurudisha mtu. Nikilitazama kwa jicho la Mbagala, naona zaidi yaliyofuata. Kwanza waliacha kutoza ada ya mwezi mpaka Januari 2012. Zaidi ya mwaka mzima kijumbe hakupokea kitu, huku akitia viraka gemu bovu na kujenga jipya pembeni kwa wakati mmoja. Pili, Novemba 2012 walilizima la zamani mbele ya macho ya waliolicheza: mwezi mwekundu uliokuwa ukining'inia angani ukazidi kusogea, ukaanguka juu ya dunia ile wachezaji wakiwa humohumo ndani, na seva, zile kompyuta zinazoliendesha, zikafungwa. Hakuna aliyeambiwa uongo kuwa mambo ni shwari. Tatu, lilipofufuka Agosti 2013 kwa jina la A Realm Reborn, waliokuwa wamelipia angalau miezi mitatu enzi za shida walipata punguzo la kudumu la ada, wahusika wao wakachorwa tattoo ya heshima, na majina yao yakapitishwa kwenye orodha ya mwisho pamoja na ya watengenezaji. Hao ndio wale watano. Uzinduzi wenyewe ulikuwa vurugu, seva zilijaa hadi kampuni ikasimamisha kwa muda kuuza nakala za mtandaoni, lakini watu walivumilia. Mtu aliyekwishaona namba yake kwenye daftari huvumilia foleni.

Mimi lakini si mtu wa Final Fantasy. Mimi ni wa RuneScape, na nilianzia kwenye intaneti kafe ya Sinza, mwaka 2007, shilingi 500 kwa nusu saa. Mkongo wa kwanza wa baharini, SEACOM, ulikuwa bado haujafika Dar. Ulifika Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ya mji huu ilikuwa inapanda hadi kwenye setilaiti na kushuka. Dakika tano za nusu saa yangu ziliishia kwenye kile kimstari cha kupakia, nami nimekodoa macho kama nakitazama chungu cha wali kikichemka. Nikishaingia, nalipa sarafu 30 za nauli ya meli kutoka Port Sarim hadi kisiwa cha Karamja, natega kamba kochi. Gatini. Kutwa. Kijana wa Dar ambaye Feri ya kweli, soko la samaki, iko safari moja ya daladala, na kamba kochi wa kweli hajawahi kumla, ananunua nusu saa akavue wa kuchorwa. Msinicheke, kila mtu ana wazimu wake.

Gemu hilo la Jagex, kampuni ya Cambridge, Uingereza, lilipoteza imani ya watu mara mbili. Kuanzia Desemba 2007, katika kupambana na wanaouza dhahabu ya gemu kwa pesa halisi, waliondoa biashara huria kati ya wachezaji na mapigano ya wao kwa wao kwenye nyika ya Wilderness, mambo mawili yaliyokuwa roho yake. Yalirudishwa Februari 2011 baada ya kura. Kisha Novemba 2012 wakabadilisha mfumo mzima wa kupigana, na safari hii watu wakahama. Hapo ndipo walipofanya jambo ambalo naliona ni la kijumbe aliyeiva: walikuwa na nakala ya akiba ya gemu la Agosti 2007, wakauliza, tuiwashe? Zaidi ya watu 400,000 wakapiga kura. Februari 2013 ikawashwa, ikaitwa Old School RuneScape, na kila mtu akaanza sifuri, tajiri na maskini.

Bado hilo lingeweza kuwa la kumbukumbu tu, watu wakalia machozi ya utoto wiki mbili wakaondoka. Kilichowabakiza, kwa maoni yangu, ni daftari. Tangu wakati huo nyongeza kubwa hupigiwa kura na wachezaji wenyewe. Zamani ilihitajika asilimia 75 ya ndiyo, tangu 2022 ni asilimia 70. Na kura hiyo huuma kweli. Mwaka 2019 watengenezaji walileta pendekezo la ujuzi mpya (yaani kazi ambayo mhusika wako hujifunza, kama kuvua au kukata miti), Warding, wameshalitolea jasho. Halikufika kiwango, likatupwa. Ujuzi mpya wa kwanza kukubaliwa, ubaharia, ulipita kwenye kura za 2023 na kuingia Novemba 2025. Miaka zaidi ya kumi na miwili bila kuongeza ujuzi hata mmoja! Mfanyabiashara wa kawaida angekufa kwa presha. Nami mzaliwa wa pwani nasema, kama kuna ujuzi uliostahili kusubiriwa hivyo, ni huo wa tanga na usukani.

Hata hivyo daftari likiwa kwa wanachama haimaanishi kijumbe haangaliwi. Januari 2025 ilijulikana kuwa kampuni inawauliza baadhi ya wachezaji, kwa dodoso, maoni yao kuhusu madaraja mapya ya uanachama, yakiwemo yenye matangazo ya biashara. Dodoso tu! Watu walifuta uanachama wao kwa hasira, na mkuu wa kampuni akajitokeza kuomba radhi. Wako waliosema wachezaji wamezidisha. Mimi sioni hivyo. Ukishaibiwa wiki ya nane, kijumbe akichelewa dakika kumi unatoka nje kumwangalia.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo wanaojadili uzinduzi huu na ule huko Ulaya hawaligusi, nalo ni umbali. Seva za magemu haya haziko Dar. Ninavyopima mimi, ujumbe wangu kwenda seva ya Uingereza na kurudi unachukua kama sekunde 0.2. Kwenye gemu la kurushiana risasi hiyo ni hukumu ya kifo; unaona adui, unafyatua, kumbe ulishakufa tangu mwanzo. Old School linakwenda kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 0.6, na chochote utakachobofya kinasubiri pigo linalofuata. Sekunde zangu 0.2 zinamezwa humo. Aliyekaa London na aliyekaa Kimara karibu wanakata mti kwa wakati mmoja. Sidhani kama kuna mtu alimfikiria mtu wa Kimara alipoamua hivyo, lakini nimenufaika. Kwa hiyo gemu la kizamani likizinduliwa upya "kwa kasi ya kisasa", wenzetu hushangilia, mimi naanza kuuliza seva ziko wapi. Na pale mikongo yenyewe inapokatika, kama Jumapili ile ya Mei 12, 2024, SEACOM na EASSy kwa mpigo, hapo hata mapigo ya 0.6 hayasaidii. Nilifua nguo siku ile.

World of Warcraft nitalipitia haraka kwa kuwa sikulicheza. Mwaka 2013 mkubwa mmoja wa Blizzard, kampuni yenye gemu hilo, J. Allen Brack, aliulizwa ukumbini kuhusu kurudisha gemu la mwanzo, akajibu kuwa wachezaji wanadhani wanalitaka lakini hawalitaki. Mwaka 2016 seva ya mashabiki iliyokuwa ikilihifadhi ikafungwa kwa shinikizo la wanasheria, watu zaidi ya 250,000 wakatia saini ombi, na Novemba 2017 Brack yuleyule akapanda jukwaani kulitangaza. Lilipotoka Agosti 2019 lilijumuishwa kwenye ada ileile waliyokuwa wakilipa. City of Heroes nalo lilizimwa Novemba 2012, wachezaji wakalificha na kulilea wenyewe, na Januari 2024 kundi mojawapo likapewa leseni rasmi. Huko daftari na pesa vyote walikuwa navyo akina mama.

Sasa langu. Kulikuwa na gemu moja la mapanga na mazimwi, jina nalihifadhi, nililocheza miaka mitatu. Sikuwa na kadi ya kulipia mtandaoni, kwa hiyo nilimpa rafiki mwenye kadi shilingi 28,000 taslimu aninunulie farasi mweusi kwenye duka la gemu, wakati wa punguzo kubwa. Wiki tatu baadaye wakatangaza kuwa wanafunga. Yaani walipotupunguzia bei, walikuwa wanajua. Nilimpanda yule farasi usiku wa mwisho, tukasimama darajani na watu wengine labda arobaini, hakuna aliyekuwa anazungumza, mpaka skrini ikaandika kuwa mawasiliano yamekatika.

Mwaka huu ikaja barua pepe: shujaa, karibu nyumbani. Mwenye gemu ni mwingine, mji ni uleule, muziki uleule. Niliposikia zile zeze za langoni nilikaribia kulia, nakiri. Nikaingia. Akaunti yangu hakuna. Farasi hakuna. Nusu ya majengo yana ubao wa "hivi karibuni". Duka lilikuwa limekamilika, lina ghorofa, na farasi mweusi yumo, kwa bei mpya. Nikawaandikia nikiuliza jambo moja tu, waliolipa zamani wana nafasi gani. Nikajibiwa na mashine kwa lugha nne, Kiswahili hakimo.

Kijumbe amepokea wa kwanza tena. Nimelifuta kwenye kompyuta. Old School nalipia mwezi kwa mwezi, mwaka mzima sinunui hata wakinipunguzia vipi, na miezi ambayo kadi inagoma nanunua bondi ya uanachama kwa dhahabu ya humohumo ndani, iliyotokana na samaki.

Nilipoaga, mama mdogo alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia nisiingie kwenye huo mchezo wetu kabla sijaonyeshwa daftari. Wa kwao umefika wiki ya saba. Wale watano wameshapokea wote, yeye alikuwa namba mbili na amenunua friji. Jumapili hii ni wiki ya nane, na kijumbe atapita kukusanya kama kawaida, ila safari hii mama mdogo na mwenzake mmoja watatembea naye nyumba hadi nyumba.