Kuvu ya kiduha itaua na mahindi?

Swali: Habari daktari, shamba langu huku Busia limejaa kiduha, lile gugu la kamaua ka zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, mahindi yamedumaa yananifika magotini tu, sasa tumeletewa wali wenye ukungu tupande nao, hiyo sumu si itamaliza mahindi pia?

Jibu: Pole sana mama. Mahindi hayadhuriki. Huo ukungu kwenye wali ni fusariamu, kuvu inayoshambulia kiduha, na hii imechaguliwa kwa sababu inatoa leusini na tairosini kwa wingi, asidi amino (vijenzi vya protini) za kawaida kabisa ila zikizidi kwa kiduha ni sumu, kinanyauka. Tia wali kila shimo pamoja na mbegu. Kikichomoza king'oe kabla hakijachanua, shina moja linamwaga maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, zinakaa udongoni miaka na miaka.