Re: Oda moja inalipiwa mara mbili

Mkuu, umesema mteja akibofya "Lipa" kwa pupa au akirudi nyuma, oda inakatwa pesa mara mbili, ingawa umezima kitufe kwa JavaScript. Kuzima kitufe kunapunguza tu. Ulinzi wenyewe ukae kwenye seva.

Unapoandaa fomu, tengeneza tokeni ya nasibu (msimbo usiobashirika, wa kutumika mara moja), iweke ndani ya fomu, uihifadhi pia kwenye jedwali la hifadhidata pamoja na namba ya oda, hatua inayoruhusiwa (toka "inasubiri" kwenda "inalipwa") na muda wa kuisha. Fomu ikirudi, usisome kwanza kama tokeni imetumika ndipo uandike kuwa imetumika. Wengi huteleza hapo: maombi mawili yakifika kwa pamoja, yote yanaikuta tokeni ikiwa nzima. Piga UPDATE moja (amri ya kubadilisha data) inayoandika kuwa tokeni imetumika, yenye sharti kwamba bado haijatumika, kisha hesabu safu zilizobadilika. Ikiwa 1, badilisha hali ya oda ndani ya muamala huohuo wa hifadhidata, yaani yote yafanikiwe pamoja au yasifanyike kabisa. Ikiwa 0, mwoneshe mteja matokeo ya ombi la kwanza. Ukimtupia ujumbe mwekundu ataogopa na kulipa upya.

Kila fomu iwe na tokeni yake. Struts 1 (mfumo wa zamani wa kujenga tovuti kwa Java) iliweka moja tu kwenye sesheni ya mteja, kwa hiyo ukifungua tabo mbili, ya pili inaifuta ya kwanza. Kero tupu. Tokeni ya CSRF (ya kuzuia tovuti nyingine kutuma fomu kwa jina la mteja) nayo ni kazi nyingine, usizichanganye.

Ukimaliza, jibu kwa 303 (msimbo wa HTTP unaokipeleka kivinjari kwenye ukurasa mwingine) ili kuripresh kusitume fomu tena. Na kama kampuni ya malipo inapokea ufunguo wa kuzuia marudio, ipe tokeni hiyohiyo kila unapojaribu upya baada ya mtandao kukatika.